Spika na amplifaya za mezani: anza na spika, afu usome adapta kabla ya boksi

Wadau, huu mwongozo ni kwa mtu mwenye meza yake moja, kompyuta au simu, chumba cha kawaida, na anataka mziki usikike vizuri pale pale alipokaa. Siongelei mziki wa kujaza ukumbi. Naongelea mtu anayekaa sentimita 70 au 80 kutoka kwenye spika, anasikiliza taarabu ya zamani, dansi, kwaya, bongo fleva au amapiano huku anafanya kazi zake, na anataka sauti ya mwimbaji isimame katikati ya zile spika mbili kama vile mtu mwenyewe yupo. Hicho kitu kinawezekana kwa hela ndogo kuliko watu wengi wanavodhani, ila ukiingia Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi bila kujua unachotafuta utaonyeshwa kwanza masabufa yenye taa za rangi, yanavuma besi ya noti moja tu na sauti ya mtu imezama huko chini, na utaambiwa hiyo ndo sauti nzuri.

Msimamo wangu nausema mapema ili ujue naelekea wapi: hela kubwa weka kwenye spika, kama theluthi mbili hivi, amplifaya ndogo inatosha, na kinachobaki kinaamuliwa na namna ulivozipanga mezani, ambayo haina gharama.

Hatua ya 1: pima meza kabla hujatoa hela

Chukua futi kamba. Unatafuta pembetatu ya pande sawa, yani umbali kati ya spika ya kushoto na ya kulia uwe sawa na umbali kutoka kila spika mpaka kichwani kwako. Sentimita 70 mpaka mita 1 ni umbali mzuri sana kwa mezani. Meza ya sentimita 120 inakupa hiyo nafasi bila shida hata kama kuna skrini katikati. Meza ikiwa ya sentimita 80 au 90 tafuta spika ndogo zenye wufa (ile ya kutoa sauti nene) ya inchi 3 au 3.5, meza ya 120 inabeba inchi 4 mpaka 5. Inchi 6 na nusu mi sikushauri kwa mezani, maana kwenye spika kubwa twita (ile ndogo ya kutoa sauti nyembamba) na wufa zimeachana, na wewe ukiwa karibu hivo sauti zake zinakufikia kabla hazijaungana, unasikia sauti nyembamba zinatoka juu na nene zinatoka chini, kila moja kivyake.

Pima pia kina cha meza. Nyuma ya spika kuna waya, kuna plagi, na spika nyingi zina tundu la besi kule nyuma linalohitaji kupumua, kwahiyo jumlisha angalau sentimita 10 mpaka 15 kwenye kina cha spika yenyewe. Watu wengi wanaisahau hii wanafika nyumbani spika imeota mbele mpaka kwenye kibodi.

Na kama unakaa chumba na sebule, nyumba za kupanga zilizoshikana ukuta, hii staili ya kukaa karibu na spika ndo inakufaa kuliko zote. Besi nzito inapita ukutani mpaka kwa jirani, ila spika ndogo ikiwa karibu na wewe huhitaji kufungua sauti sana ili usikie kila kitu, na jirani analala.

Hatua ya 2: elewa wati, hapa ndo hela za watu zinapotelea

Tuliza akili hapa kidogo maana ukiielewa hii sehemu hakuna muuzaji atakayekuyumbisha.

Boksi limeandikwa 5000W, 10000W, afu pembeni kwa herufi ndogo PMPO. Hiyo PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinapiga hesabu yake kinavotaka, kwahiyo huwezi kulinganisha boksi na boksi na huwezi kujifunza chochote humo. Tafuta neno RMS, yani wati ambazo kifaa kinaweza kutoa mfululizo. Kama RMS haipo, twende kwenye adapta, nitaeleza kwenye hatua ya amplifaya.

Sasa je unahitaji wati ngapi? Nyuma ya spika au kwenye karatasi yake kuna namba ya usikivu, inaandikwa mfano 86 dB 1W/1m. Maana yake ukiipa wati 1 na ukasimama mita 1 utapata desibeli 86. Wewe hukai mita 1, unakaa kama sentimita 70, hapo unaongeza kama desibeli 3. Spika zipo mbili, ongeza nyingine kama 3. Kwahiyo wati 1 tu kwa kila spika inakuletea masikioni desibeli kama 92, na hizo ni kelele hasa! Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60, na mtu anayesikiliza mziki kwa raha mezani anakuwa kwenye 70 mpaka 75. Ukipiga hesabu unakuta muda mwingi amplifaya yako inatoa wati zisizofika hata moja, ni sehemu ndogo ya wati. Ila mziki una milipuko, ngoma inapopigwa, kinanda kinapoingia kwa nguvu, hapo sauti inaruka ghafla desibeli 20 juu ya wastani, na desibeli 20 ni nguvu mara 100. Kwa hiyo milipuko ndo tunaweka akiba. Amplifaya ya wati 15 mpaka 30 za kweli kwa kila upande inabeba yote hayo na kubaki.

Kitu kingine cha kukumbuka, ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, yani kutoka wati 50 kwenda 100 sikio linasikia tofauti ndogo mno. Ili sikio lako liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji nguvu kama mara 10. Ndo maana muuzaji akikwambia ongeza elfu hamsini uchukue ya wati 100 badala ya 50, hiyo hamsini ipeleke kwenye spika.

Hatua ya 3: chagua aina ya spika

Njia zipo mbili.

Ya kwanza ni spika zenye amplifaya ndani yake. Unachomeka kwenye umeme, unachomeka waya wa kompyuta, umemaliza. Mifano inayojulikana ni Edifier R1280T, ile ina wufa ya inchi 4 na wati 42 RMS kwa spika zote mbili, yani 21 kila upande, ina vitufe vya besi na sauti za juu ubavuni na rimoti, na imeridhisha watu wengi sana. Kuna PreSonus Eris E3.5, ndogo, inchi 3.5, ina tundu la hedifoni mbele, inafaa meza finyu na inafaa mtu anayehariri sauti au video. Kuna JBL 104 ambayo twita imekaa katikati ya wufa, sauti zote zinatoka sehemu moja, na kwa mtu anayekaa karibu sana hilo ni jambo jema kwa sababu niliyoieleza kule kwenye inchi 6 na nusu.

Ya pili ni spika tupu za waya mbili na amplifaya ya pembeni. Mi ndo napenda hii kwa mazingira yetu na ntakwambia kwanini. Umeme wetu unapanda na kushuka, radi zipo, unyevu wa pwani upo. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni upande wa umeme, na spika yenye kila kitu ndani ikifa bodi yake fundi anahangaika kupata bodi inayofanana, kila kampuni ina yake. Kwenye spika tupu amplifaya ikiungua unanunua nyingine ndogo, unachomeka waya nne, mziki unaendelea, na spika zako zinaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Afu unaweza kujenga kidogo kidogo, mwezi huu spika, mwezi ujao amplifaya.

Kama wewe hutaki mambo ya waya na meza yako ni ndogo, chukua njia ya kwanza kwa amani kabisa, nenda moja kwa moja hatua ya 6.

Kwenye spika tupu unaangalia vitu vitatu. Usikivu, 85 mpaka 89 dB ni sawa tu kwa mezani. Ohm, yani ukinzani wa spika kwa umeme, 4 au 6 au 8, tutairudia. Na inashuka mpaka wapi. Wufa ya inchi 4 kwenye boksi dogo inafika kama 60 au 70 Hz (mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti inakuwa nene) kisha inafifia. Ili ujue hiyo ina maana gani, nyuzi ya chini kabisa ya gitaa la besi ni kama 41 Hz. Utasikia gitaa la besi vizuri tu maana sikio linashika zile sauti za juu za ile nyuzi, ila ule uzito wa kifuani hautakuwepo. Mtu wa dansi, taarabu, kwaya, rumba ataridhika. Mtu wa amapiano na singeli ajue mapema kwamba huko mbele atatamani sabufa. Na ukiona spika ya inchi 3 imeandikwa inashuka mpaka 20 Hz, hiyo namba iache dukani.

Mifano ya spika tupu za kisasa, Pioneer SP-BS22-LR aliyoichora Andrew Jones ilipendwa sana, wufa inchi 4, ohm 6, usikivu 85 dB, ukiikuta iliyotumika nzuri usiiache. Wharfedale Diamond za inchi 5 nazo, ukiwa na hela kidogo zaidi na meza kubwa. Ila kwetu utajiri mkubwa upo kwenye mtumba.

Hatua ya 4: ukinunua spika za mtumba, zikague hivi

Maredio ya zamani ya Kijapani, zile seti ndogo za Sony, Kenwood, JVC, Pioneer, Technics, Denon, zilikuja na spika za mbao zilizotengenezwa kwa umakini sana na leo zinauzwa kwa bei ya kawaida kabisa. Jambo la kujua ni kwamba redio iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani inatumia volti 100. Geuza nyuma usome kibandiko, ukikuta AC 100V, ukiichomeka kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya inaungua hapo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma nzuri nayo ni hela na ni mzigo chini ya meza. Lakini spika tupu hazina habari na volti za ukutani. Kwahiyo muulize muuzaji kama anakuuzia spika peke yake, redio abaki nayo. Wengi wanakubali, hasa pale redio yenyewe ikiwa haiwaki.

Ukaguzi wenyewe, fanya pale pale dukani:

Toa kitambaa cha mbele uangalie ile pete laini inayozunguka karatasi ya wufa. Kama ni ya sponji, ibonyeze taratibu kwa kidole. Sponji inaoza kwa umri na joto na unyevu, inakuwa kama unga, ukiona inamomonyoka spika hiyo inahitaji pete mpya, hesabu gharama ya fundi au iache. Pete ya mpira inadumu zaidi sana, nikipata chaguo nachukua ya mpira.

Weka vidole viwili au vitatu pande zote za karatasi, isukume ndani kidogo sawasawa. Iende kimya. Ukisikia inakwaruza ndani maana yake koili inagusa sumaku, achana nayo.

Nenda na mita ya fundi. Spika ya ohm 8 kwenye mita inasoma kama 5.5 mpaka 7, ya ohm 6 inasoma 4 na kitu mpaka 5 na kitu, ya ohm 4 inasoma 3 na kitu, hiyo ni kawaida usishtuke kwamba hazifanani. Isiposoma kabisa koili imekatika au waya umetoka ndani. Spika zote mbili zisomane karibu sawa. Seti nyingine za kisasa kidogo zina spika za ohm 3, hizo zinazitesa amplifaya nyingi ndogo, ziache.

Mwisho, twita. Mita haikuonyeshi twita maana kuna kapasita mbele yake, kwahiyo lazima usikilize. Mwambie muuzaji apige mziki, tega sikio karibu na kila twita. Twita zilizokufa zipo nyingi sana kwenye mtumba na mtu hagundui mpaka afike nyumbani aone mziki umekuwa mzito kama umefunikwa blanketi.

Hatua ya 5: amplifaya, soma adapta

Amplifaya ndogo za siku hizi, zile za boksi la bati saizi ya kiganja, nyingi zina IC (chipu) za daraja D, aina ya amplifaya isiyopoteza umeme mwingi kwa joto. Mbili utakazokutana nazo sana ni za Texas Instruments, TPA3116D2 na TPA3255. Ya kwanza imejaa kila mahali, mfano kwenye Fosi Audio BT20A, na kwa mezani inatosha kabisa. Ya pili ni yenye nguvu zaidi, ipo kwenye Fosi Audio V3 na Aiyima A07, sauti yake ni safi, na kwa meza nguvu zake zitabaki tu, ila kama unapanga kuja kuhamia spika kubwa sebuleni basi inunue mara moja.

Sasa ile siri ya adapta. Hizi amplifaya zinakula umeme wa volti za adapta, na haziwezi kutoa zaidi ya kile zinachokula. Hesabu ni hii: volti mara volti, gawanya kwa ohm za spika mara mbili. Hiyo ndo nguvu ya juu kabisa kwa kila upande, na kiuhalisia inapungua kidogo hapo.

Adapta ya volti 12 na spika ya ohm 8: 12 mara 12 ni 144, gawanya kwa 16, unapata wati 9. Volti 19: wati 22 na nusu. Volti 24: wati 36. Volti 32: wati 64. Spika ikiwa ya ohm 4 hizo namba zinakuwa mara mbili, ila hapo angalia na ampia za adapta. Volti mara ampia ndo wati zote ambazo adapta inaweza kutoa kwa pande zote mbili pamoja. Kwahiyo amplifaya imeandikwa 100W + 100W afu ndani ya boksi kuna adapta ya 12V 2A, hiyo adapta inatoa wati 24 basi, hizo 200 zitatoka wapi? Ukimsomea muuzaji hii hesabu na yeye atakuheshimu, wengi hawajawahi kuulizwa.

Hii inakupa na ujanja mwingine mzuri. Chaja ya zamani ya laptop ya volti 19 au 19.5 yenye wati 65 au 90 ni adapta nzuri mno kwa amplifaya ya TPA3116D2, umeme wake ni imara kuliko vile vichaja vyepesi vinavyokuja na boksi. Kichwa chake mara nyingi hakiingii, amplifaya nyingi zinataka kichwa cha 5.5 kwa 2.1 mm au 5.5 kwa 2.5 mm, fundi anakibadilisha dakika chache, na mwambie ahakikishe chanya iko katikati, na wewe usome alama pale kwenye amplifaya kuthibitisha. Usipitishe volti zilizoandikwa kwenye amplifaya. TPA3116D2 mwisho wake ni volti 26, ukiichomekea adapta ya 32 uliyoitoa kwenye kitu kingine umeiua.

Kuhusu ohm, amplifaya imeandikwa 4-8 basi spika yoyote ya 4, 6 au 8 inakubali. Wati za spika kuwa kubwa au ndogo kuliko za amplifaya kwa mezani hazina shida yoyote ya maana, ukisikia sauti inapasuka punguza, basi.

Na amplifaya za zamani zenye transfoma nzito ndani? Ukipata nzima ya volti 220-240 kwa bei nzuri na meza ina nafasi, chukua. Ina joto, ina uzito, ina tundu za kila aina, na mafundi wetu wanazijua vizuri kuzitengeneza.

Hatua ya 6: waya

Hapa sikuchoshi. Kwa mita 1 au 2 waya wa kawaida wa umeme wa shaba wa milimita mraba 0.75 au 1.5 unamaliza kila kitu. Hela ya waya wa bei kubwa nunulia chakula.

Lakini zingatia mambo mawili. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, spika zote mbili. Ukigeuza upande mmoja besi inapotea na sauti ya mwimbaji inatawanyika haijulikani imetokea wapi, na watu wanalaumu spika. Kama alama za spika ya mtumba zimefutika chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha sekunde moja tu kwenye waya, karatasi ikitoka nje basi waya uliogusa chanya ya betri ndo chanya ya spika. La pili, kwenye hizi amplifaya za daraja D usiunganishe hasi ya kushoto na hasi ya kulia pamoja, wala usizipeleke kwenye bati la amplifaya. Kuna mafundi wamezoea zile redio za zamani ambapo hasi zote ni moja, wanaokoa waya. Hapa ukifanya hivo unaweza kuiunguza IC mara moja. Waya nne zibaki nne.

Hatua ya 7: mziki unatoka wapi

Tundu la hedifoni la laptop linafanya kazi, anza nalo. Ukisikia mikwaruzo midogo inayobadilika ukisogeza mausi, au mvumo, fanya jaribio moja: chomoa chaja ya laptop. Kelele ikiisha, tatizo ni umeme unaozunguka kati ya chaja na amplifaya. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, ikigoma nunua kile kifaa kidogo cha kutenganisha kinachokaa kwenye waya wa sauti, au tumia Bluetooth, kwa Bluetooth hakuna waya wa kupitisha hiyo kelele. Na kelele ikibaki hata bila chaja basi ni sauti ya ndani ya laptop yenyewe, hapo unahitaji DAC ndogo ya USB, yani kifaa cha kugeuza mziki wa kidijitali kuwa sauti nje ya laptop. Ile adapta nyeupe ya Apple ya kutoka USB-C kwenda tundu la hedifoni ni DAC nzuri mno kwa bei yake, na inaingia kwenye kompyuta yoyote yenye USB-C.

Bluetooth kwa kusikiliza mziki tu ipo sawa. Kwa video na gemu sauti inachelewa kidogo nyuma ya midomo, na kwa kuhariri haifai kabisa, tumia waya.

Sauti ya kompyuta iweke juu, karibu na mwisho, afu utawale kwa kitufe cha amplifaya. Ukifanya kinyume unasikia shhhh muda wote, na ukiwa karibu na twita hivo hiyo shhhh inakera.

Hatua ya 8: kuzipanga, hapa ndo mziki unapopatikana

Nawaomba hii msiiruke. Spika za bei ndogo zilizopangwa vizuri zinashinda za bei kubwa zilizotupwa mezani.

Twita iwe usawa wa sikio. Mtu aliyekaa sikio lake liko kama sentimita 115 kutoka sakafuni, meza iko kama 75, kwahiyo twita inatakiwa iwe kama sentimita 40 juu ya meza. Spika nyingi ndogo hazifiki huko. Zinyanyue kwa tofali lililofungwa kitambaa, kipande cha mbao, au ziinamishe ziangalie juu kidogo mpaka twita ikuelekee usoni. Kunyanyua ni bora zaidi maana meza yenyewe inarudisha sauti kama kioo, ukiinua spika ule mrudisho unapungua na sauti ya mtu inasafika papo hapo. Chini ya spika weka sponji ngumu au kipande cha mpira ili meza isitetemeke, meza za mbao nyembamba zinaongeza mvumo wake kwenye besi.

Zigeuze ndani zikuangalie. Zitoe kwenye kona, kona inajaza besi mpaka inakuwa matope. Kama meza imebanwa ukutani na huna namna, na spika ina tundu la besi nyuma, ingiza soksi kwenye hilo tundu. Inapunguza ule mvumo na besi inakuwa kavu, inayosikika noti kwa noti. Fanya kwa spika zote mbili.

Vyumba vyetu ni plasta na tailizi, sauti inagonga kila mahali. Zulia au mkeka chini, pazia zito, kitanda kikiwa chumba hicho hicho kinasaidia sana.

Afu jaribu. Weka mtu anayeongea, habari au hotuba, sauti inatakiwa itoke katikati kabisa pasipo na spika. Ikivutwa upande, sogeza spika sentimita 2 au 3 mpaka ikae. Baada ya hapo weka programu ya bure ya simu inayotoa sauti moja moja, anzia 200 Hz shuka taratibu mpaka 40 kwa sauti ndogo, utasikia wapi chumba kinavuma na wapi spika inaishia, na kitu gani mezani kinatetemeka. Kisha mziki unaoujua mwenyewe kwa moyo. Mi natumia taarabu ya Zanzibar iliyorekodiwa na kundi zima, kuna qanuni, fidla, akodiani na besi kubwa ya kusimama, ukiweza kuisikia qanuni kila kamba ikidonolewa huku mwimbaji hajafunikwa na fidla, mpangilio wako umekaa. Dansi la zamani nalo ni kipimo kizuri, magitaa matatu yanaongea kwa wakati mmoja, solo, rizimu na besi, kila moja liwe na sehemu yake ya kukaa.

Kama bado kuna mvumo sehemu moja ya besi, kwenye Windows kuna Equalizer APO, programu ya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu, ni ya bure. Punguza pale panapovuma, usipandishe pale pasipo na kitu, wufa ya inchi 4 ukiilazimisha itoe 40 Hz unaichosha bure.

Hatua ya 9: umeme na masikio

Kifaa cha kulinda na umeme unaoruka, kile kile wanachotumia kwenye friji, kiweke kabla ya ekstensheni. Radi zikianza chomoa, pamoja na waya wa intaneti kama umefika kwenye kompyuta.

Masikio nayo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki. Programu za kupima kelele kwenye simu siyo sahihi kabisa ila zinakupa picha, iweke simu pale kichwa kinapokaa uone uko wapi. Kama masikio yanalia ukizima mziki, ulizidisha.

Sabufa, kama bado unaitaka

Subiri mpaka spika zimekaa vizuri kwanza, mwezi au zaidi. Ukiona kweli besi ya chini unaikosa, tafuta sabufa moja ndogo yenye umeme wake, wufa inchi 6 na nusu au 8 inatosha chumba, iwe na kitufe cha kuchagua inaanzia wapi. Anzia 80 Hz. Iweke chini ya meza lakini isiwe kwenye kona, anza na sauti yake ikiwa sifuri, panda polepole huku mziki unaendelea, na pale tu unapoanza kuisikia kama kitu kinachotoka chini ya meza, rudi nyuma kidogo uache hapo.